Usikanyage Nyayo za Mwizi

Kufuli nililikuta chini kwenye matope, bado limefungwa. Ufunguo wake nilikuwa nao, nimeufunga kwenye ncha ya khanga. Wezi hawakuhangaika na kufuli. Walipenyeza nondo nyuma ya chuma kinachoshikilia kufuli wakaking'oa chote, na skrubu zake, kutoka kwenye mbao. Ilikuwa inakaribia saa moja asubuhi, mwezi wa kwanza. Mimi na wanangu wawili tulikuwa tunarudi kutoka msibani Nyamwaga, na mvua ya usiku ilikuwa imekatika muda si mrefu. Mlango wa nyumba yangu hapa Nkende ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha kupitisha mkono.

Nilinyoosha mkono niusukume. Kisha nikamkumbuka baba, nikaurudisha.

Marehemu baba alikuwa mfuata nyayo. Aliyekulia Tarime, au ng'ambo ya mto Mara kule Serengeti, anaelewa ninachosema. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe hupigwa na wanaume hutoka na silaha zao, lakini hawaingii zizini ovyo. Hutangulizwa mtu anayejua kuisoma ardhi, wengine wote wakae nyuma yake. Kwa desturi ya wazee wetu nyayo zikifika kijiji cha jirani, kijiji hicho huzipokea na kuendelea kuzifuata. Zikifia humo, ni wao wa kueleza ng'ombe wamekwenda wapi. Unyayo kwetu ni kama hati. Baba akiona unyayo ulio wazi na mawingu yametanda, aliufunika kwa beseni kabla ya kusogea hatua moja. Alituambia watoto: "Mwizi ameshaandika. Ninyi msifute."

Mimi ni fundi cherehani, si polisi wala mwanasheria. Ila nimeibiwa, nimetoa maelezo kituoni na nimesimama kizimbani kama shahidi. Nimeona pia jinsi watu wema walivyokaribia kumuua mtu asiye na kosa mbele ya mlango wangu. Nayaandika haya kwa ajili yako ambaye siku moja utarudi nyumbani ukute mlango umeng'olewa.

Hesabu watu kwanza

Mlango ulio wazi haukuambii kama mwizi ametoka au bado yumo. Mwizi aliyebanwa ndani ni hatari kuliko mwizi anayekimbia, kwa sababu wewe ndiye umesimama kwenye njia yake. Kwa hiyo rudi nyuma. Washike watoto mkono, nenda kwa jirani, piga 112, na usiingie mpaka muwe wengi na mwenye kutangulia awe mtu mtulivu.

Kama mnavamiwa mkiwa ndani, yaani umeshtuka usiku mlango unapigwa kwa fatuma, lile jiwe kubwa la kuvunjia milango, piga yowe, piga simu, na uwakusanye wanao chumba cha ndani kabisa. Wakiingia, wape wanachotaka. Runinga inanunuliwa tena. Wewe tazama na usikilize tu: wangapi, urefu wao, sauti, lafudhi, nani aliitwa kwa jina gani, taa ilikuwa wapi. Nitaeleza mbele kwa nini hata taa ni muhimu.

Kama kuna aliyejeruhiwa, mali isubiri. Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Kama mtu anavuja damu nyingi, kimbilia hospitali na fomu ifuatwe. Na kama mwanamke, mtoto au mtu yeyote amebakwa katika uvamizi huo, asioge wala asifue nguo alizovaa. Afikishwe hospitali haraka, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo haya. Familia nyingi huficha jambo hili kwa aibu. Aibu hiyo ni ya aliyetenda, msimbebeshe aliyetendewa.

Ufagio usubiri

Majirani walifika kabla sijaita. "Pole, Fundi. Pole sana." Wanawake wawili walikuwa tayari wameshika ufagio, kwa sababu kwetu ukimkuta mwenzako ana shida humuulizi maswali, unamfagilia nyumba na kumbandikia chai. Niliwasimamisha mlangoni. Mama mkwe wangu alichukia.

"Utapokea wageni kwenye uchafu huu?"

"Mama, nisamehe. Hesabu kwamba hapa nimeibiwa ng'ombe."

Hakuongeza neno. Aligeuka akaanza kuwarudisha watu nyuma ya mti wa parachichi, mmoja mmoja, kama mtu anayelinda zizi.

Hilo ndilo jambo ambalo sisi watu wa Mara, tunaojua thamani ya unyayo, tunalisahau mwizi akiiba nyumba badala ya ng'ombe. Tunaingia watu thelathini. Tunashika kila alichoshika, tunainua viti, tunarudisha nguo kabatini. Polisi akija anakuta alama za vidole vyetu na matope ya viatu vyetu.

Kwenye kizingiti changu palikuwa na unyayo mmoja wa buti la mpira, umezama vizuri kwenye udongo mwekundu uliolowa. Mistari ya soli ilikuwa imepinda kama meno ya msumeno, na kisiginoni palikatika pembe moja. Nilichukua futi yangu ya kupimia nguo, nikailaza kando ya unyayo bila kuugusa. Mtoto wa jirani akapiga picha kwa simu yake, moja ya karibu na moja ya mbali ikionyesha mlango mzima. Kutoka kisiginoni hadi kidoleni ilikuwa inchi 12. Kisha nikaufunika kwa beseni la kufulia, nikaweka tofali juu, kwa sababu mawingu yalikuwa yanarudi kutoka upande wa ziwa.

Futi ile ilinisaidia kuliko nilivyodhani. Picha bila kipimo haionyeshi kama unyayo ni wa mtoto au wa mtu mzima. Kama huna futi, weka rula, kiberiti au sarafu. Piga picha ya mlango, dirisha, kioo kilichovunjika, chombo walichoacha, kikombe walichonywea, kichungi cha sigara, alama ya tairi barabarani. Usivishike. Kama mvua inakuja au mifugo inapita, funika na weka mlinzi. Nyumba yako yote usiigeuze kuwa jumba la maonyesho. Ziba njia moja tu, ile waliyopita wezi, na wenye nyumba mtumie nyingine.

Ndani, mahali pa cherehani palikuwa patupu. Kwenye sakafu zilibaki alama nne za miguu yake, nyeupe na safi, mahali iliposimama miaka kumi na moja. Walichukua pia runinga, betri ya sola, simu ndogo niliyowaachia watoto wakaisahau mezani, na furushi la vitambaa vya sare za shule vya wateja wangu. Nilikaa chini karibu na zile alama nne. Sitakudanganya kwamba sikulia.

Simu hufungwa kabla ya chai

Mali nyingine inaweza kusubiri saa moja. Simu haisubiri, maana ndani yake mna pesa, namba za watu na jina lako. Kwa simu ya jirani nilipiga 100, namba ya huduma kwa wateja, nikaomba laini na akaunti ya pesa vifungwe. Kadi ya benki nayo huzuiwa hivyohivyo kwa kupiga simu benki. Siku hizi laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo kurudisha laini ni kazi ya kwenda dukani na kidole chako. Waambie pia ndugu wasitume pesa kwa ujumbe wowote unaotoka kwenye namba yako. Akipiga mtu kusema ameiokota simu na anahitaji namba ya siri ili akurudishie, huyo ndiye mwizi au mwenzake.

Kila simu ina namba ya utambulisho ya tarakimu 15 iitwayo IMEI. Simu ya laini mbili huwa na mbili. Bonyeza *#06# na itajitokeza. Namba hizi ndizo zilizotumika tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini, na ndizo zinazowezesha simu iliyoibwa kufungiwa isishike mtandao hata ikiwekewa laini nyingine. Lakini utaipataje namba hiyo simu ikiwa imekwenda? Ipo kwenye boksi. Mimi boksi nilikuwa nimelitumia kuwekea vifungo vya mashati, na kwa bahati nilikuwa nalo. Fanya hivi leo: bonyeza *#06# kwenye kila simu ya nyumbani na uandike namba hizo nyuma ya daftari la shule la mtoto.

Kama kitambulisho cha taifa kimeibwa, bonyeza *106# baada ya siku chache uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaikane kabla haijatumika kutapeli watu.

RB, na maneno yako ya kwanza

Mwenyekiti wa mtaa alifika akaandika kwenye daftari lake. Hilo ni jema, kwani yeye ndiye atakayekuwa shahidi wa kile kilichoonekana asubuhi ile. Ila daftari lake halifungui kesi. Nenda kituoni siku hiyohiyo, taarifa iandikwe, upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. RB ni bure. Bila namba hiyo kampuni ya simu haitakufungia IMEI, kampuni ya bima haitakusikiliza, na mali ikipatikana wilaya nyingine hakuna kitakachoonyesha kwamba inatafutwa. Andika jina la mpelelezi aliyepewa jalada lako na siku uliyokwenda.

Kisha utaulizwa: unamshuku nani? Swali hili ni zito. Kwa upande mmoja, kama ulimwona mtu na unamjua, mtaje hapohapo, siku ya kwanza. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba shahidi aliyemtaja mtu mapema huaminika, na aliyekaa na jina wiki mbili bila sababu hutiliwa shaka. Ukiogopa kumtaja mbele ya umati, mtaje kwa faragha kwa afande, lakini mtaje.

Kwa upande mwingine, sema ulichoona tu. Tangu shauri la mtu aitwaye Waziri Amani la mwaka 1980, mahakama zetu haziridhiki na shahidi kusema "nilimtambua". Huuliza: palikuwa na mwanga gani, ulitoka wapi? Mlikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa unamjua kabla? Ndiyo maana nilikwambia uangalie taa. Mtu anayeelezea mwanga wa taa ya sola iliyokuwa mezani, hatua tatu kutoka kwa mwizi, anasikilizwa. Anayesema "nilijua tu ni yeye" anaifungulia njia hasira.

Mimi sikuona mtu. Nilimwambia afande, "Sikuwepo, sikumwona yeyote, simtaji yeyote. Nina unyayo chini ya beseni." Akaandika hivyo.

Asubuhi ya mawe

Kabla ya kwenda kituoni, ilipata saa nne, nilisikia kelele zinakuja kutoka barabarani. Vijana kama arobaini walikuwa wanamsukuma kijana mmoja wa bodaboda. Shati lilikuwa limechanika na sikio linatoka damu. Mtu alisema alimwona usiku akipita na gunia. Mwingine akasema huyu alinyoa nywele juzi, kwa nini alinyoa? Mmoja alikuwa ameshabeba tairi begani.

Watu wa huku hatupendi wezi, na tuna sababu. Wizi wa ng'ombe umeua watu wetu na kugombanisha koo zetu kwa vizazi. Polisi walipokuwa mbali, tulijilinda wenyewe. Sungusungu iliyoanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifika na kwetu, na mwaka 1989 Bunge liliitambua kwa kurekebisha sheria ya mgambo. Baadaye ukaja ulinzi shirikishi. Mambo haya yamesaidia, na sitaki kuyabeza. Hata sheria inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumkamata kunaruhusiwa. Kumpiga na kumchoma ni mauaji, na aliyebeba tairi hushitakiwa sawa na aliyewasha kiberiti.

Nilisimama mlangoni nikapiga yowe, lile la msiba. Wakanyamaza.

"Mimi ndiye niliyeibiwa," nikasema. "Mwenye ng'ombe ndiye anayeonyesha nyayo."

Niliondoa tofali, nikainua beseni. Unyayo ulikuwa kama nilivyouacha. Nilimwomba mzee mmoja, rika la baba yangu, aje apime. Alichuchumaa, akalaza futi: inchi 12. Kisha akamgeukia kijana. "Mura," yaani kijana, "vua kiatu." Mguu wake ulikuwa inchi 10. Hata kiatu chake, raba iliyochakaa soli, hakikufika inchi 11. Mzee akasimama, akapangusa magoti, akawaambia vijana wale kwa Kikurya maneno ambayo maana yake ni kwamba mguu hausemi uongo. Aliyebeba tairi akaliteremsha.

Najua unyayo peke yake si ushahidi wa mwisho. Wezi huwa wawili au watatu, na buti huazimwa. Polisi walimchukua kijana yule, wakamhoji, wakathibitisha kwamba gunia lile lilikuwa la mahindi ya dada yake, wakamwachia. Yote hayo yaliwezekana kwa kuwa alifika kituoni mzima. Baba aliponifundisha kutokanyaga nyayo nilidhani ni kwa ajili ya kumpata mwizi. Siku ile nilijua kwamba nyayo humlinda pia asiye mwizi.

Kwa sababu hiyohiyo, usimwendee mpiga ramli akutajie jina. Kura za siri za kutaja wezi nazo zisichukuliwe kama hukumu: kura huonyesha ni nani anayechukiwa, haionyeshi mali ilipo. Mleteeni mpelelezi kitu cha kufuatilia.

Daftari la mali

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kituoni ukiulizwa "cherehani gani?" ukajibu "nyeusi", umesema cherehani zote za Tarime. Mahakama zetu zimekwisha kuachia watu huru kwa sababu mwenye mali alishindwa kueleza cha kwake kina alama gani ambayo vingine havina. Tena alama hizo yafaa zielezwe kabla hujaonyeshwa mali iliyokamatwa, ili isisemekane umezisoma pale.

Mimi nilisema hivi: namba iliyogongwa kwenye bamba la mbele, ninayo nimeiandika nyuma ya Biblia. Mbao ya meza ina alama ya pasi iliyoungua upande wa kulia. Na kanyagio lilikatika pini miaka mitano iliyopita, nikalikaza kwa spoku ya baiskeli, ncha yake nimeikunja kuelekea ndani. Afande aliandika neno "spoku" akapiga mstari chini yake.

Serikali inawavisha ng'ombe hereni za utambulisho chini ya sheria ya mifugo ya mwaka 2010, na kabla ya hereni baba zetu walichoma alama za ukoo. Vivyo hivyo weka alama kwenye runinga, godoro, betri, pikipiki, mtungi wa gesi. Kwaruza herufi mahali pasipoonekana, andika namba ya kiwandani, piga picha. Dai risiti, na risiti nayo ipige picha siku hiyohiyo, kwa maana karatasi za mashine za EFD hufifia zikawa nyeupe.

Baada ya polisi, niliwaendea wateja wangu. Nilikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, nikiwa na daftari la vipimo, nikawaambia kitambaa chako kimeibwa na nitakilipa kidogokidogo. Mali ya watu ikiibwa mikononi mwako, waambie kabla hawajasikia sokoni. Hakuna aliyenitukana.

Siku tisa

Nilitoa habari kwa mafundi wenzangu, kuanzia stendi ya Tarime hadi Sirari mpakani, kwa sababu cherehani iliyoibwa haiendi kwa mganga, inaenda kwa fundi. Siku ya tisa mmoja wao akapiga simu. Kuna mtu amemletea cherehani kwa bei ya kuku watatu, kanyagio lina spoku.

Moyo uliniambia nipande pikipiki niende. Sikwenda. Nilimpigia mpelelezi. Ukienda mwenyewe unaweza kuumia, unaweza kumshtua mwizi, na unaweza kuharibu kesi. Mali ikikamatwa lazima ijazwe hati ya ukamataji, isainiwe na aliyekutwa nayo na shahidi, na ijulikane imetoka mkono upi kwenda upi mpaka mahakamani. Ukiibeba wewe kwenye bodaboda, mnyororo huo umekatika.

Usikubali pia kukomboa. Siku mbili kabla alinijia mtu mpole, akaniambia anawafahamu wanaowafahamu, nikitoa laki moja cherehani itarudi usiku. Ukilipa, umenunua mali yako mwenyewe na umewapa mtaji wa nyumba inayofuata. Nilimpa mpelelezi jina lake.

Mtu anayekutwa na mali iliyoibwa karibuni, ikatambuliwa kwa hakika na mwenyewe, na akashindwa kueleza ameipataje, sheria inaruhusu mahakama imhesabu kuwa ndiye mwizi. Kununua mali ukijua ni ya wizi nako ni kosa, kifungo chake hufika miaka 10. Kuvunja nyumba mchana ni hadi miaka 14, usiku hadi 20. Wizi wa kutumia silaha ni miaka isiyopungua 30. Sheria zipo, ila kesi hufa kwa jambo dogo: shahidi hakutokea. Mimi niliitwa mara sita. Mara tatu kesi iliahirishwa, nikarudi nyumbani nimepoteza siku ya kazi na nauli. Nenda tu. Usipokwenda wewe, aliyekuvunjia atatoka kwa mlango wa mbele. Kama huelewi kinachoendelea, mtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo.

Mtu mmoja alitiwa hatiani. Runinga, betri na vitambaa havikuonekana tena. Vitambaa nilimaliza kuvilipa mwezi wa nane.

Mlango, na usingizi wa watoto

Polisi walipomaliza siku ile ya kwanza, seremala alikuja jioni. Kufuli langu lilikuwa zuri, kosa lilikuwa skrubu fupi kwenye mbao laini. Sasa chuma kile kimefungwa kwa bolti zinazotoboa mlango hadi ndani, nati ziko upande wangu. Dirisha la nyuma lina nondo zilizozamishwa ukutani. Kagua mlango wako hivyo leo: kivute kile chuma, si kufuli. Na mkienda msibani wote, mwachie jirani taa na ufunguo wa uani. Mvua kubwa juu ya bati hufunika sauti zote, na wezi wanaijua mvua kuliko mkulima.

Kilichochelewa kupona ni usingizi. Binti yangu mdogo alilala katikati yangu na ukuta kwa miezi mitatu, na paka akiruka juu ya bati aliamka akitetemeka. Usimwambie mtoto "hakuna kitu". Kitu kilikuwepo, na yeye anajua. Nilichofanya ni kumpa kazi: kila jioni yeye ndiye anayefunga komeo, na mimi ndiye ninayekagua. Siku moja alifunga, akaenda kitandani kwake bila kuniita nikague.

Cherehani ilirudi kwa amri ya mahakama baada ya hukumu, na spoku yake ikiwa bado imekunjwa ndani. Niliirudisha juu ya zile alama nne sakafuni. Januari iliyofuata, kijana yule wa bodaboda alikuja na mwanawe anayeanza darasa la kwanza, anataka kaptura na shati. Sikio lake lina kovu. Hatukuzungumza habari za siku ile. Nilichukua futi, ileile, nikaipitisha mabegani kwa mtoto, nikaandika vipimo kwenye daftari.